Chombo cha Nani? Historia ya Zana za Mtandaoni katika Darasa la Kiswahili Uganda

Mwaka 2023, nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilipelekwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari wilayani Mukono, mashariki ya Kampala. Nilipewa kidato cha kwanza chenye wanafunzi 83. Vitabu vya kiada vilikuwa vinne. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa mmoja, naye alifundisha pia katika shule nyingine mbili ili apate riziki. Mkuu wa idara ya lugha alinikabidhi boksi la chaki akaniambia, "Mwalimu, nyinyi vijana mnajua mambo ya mtandao. Vitabu hatuna, lakini mtandao upo. Tafuta huko."

Nilitafuta, na insha hii ni historia ya vitu nilivyovipata. Sikuanza kama mwanahistoria. Nilianza kama mwalimu anayehitaji kitu cha kufundishia kesho saa mbili asubuhi. Lakini kila nilipojaribu zana mpya nilijikuta ninauliza maswali matatu: ilitengenezwa lini, wapi, na kwa ajili ya mwanafunzi gani? Nitajaribu kuonyesha kwamba swali la tatu ndilo zito kuliko mengine, na kwamba mwalimu asiyeliuliza atapoteza muda wake na wa wanafunzi wake, hata kama mtandao wake una kasi.

Darasa lisilo na vitabu lilitoka wapi

Ili kuelewa kwa nini mwalimu wa Kiswahili Uganda hukimbilia mtandaoni, ni lazima kwanza tujue kwa nini kabati lake ni tupu. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu nchini. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa alipinga kwa maandishi, kwa kuona kwamba jambo hilo lingedhuru lugha ya Kiganda na nafasi ya Buganda. Wakati Tanganyika ilikuwa ikijenga shule zake juu ya Kiswahili, Uganda ilikiachia zaidi polisi, jeshi na masoko.

Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Amri ilitoka, lakini walimu na vitabu havikutoka pamoja nayo. Bibi yangu, ambaye wakati huo alikuwa msichana, husema kwamba alisikia Kiswahili cha aina mbili: cha askari waliosimamisha mabasi barabarani, na cha wanajeshi wa Tanzania walioingia Kampala Aprili 1979. Cha pili kilimletea nafuu, lakini vyote viwili vilishika bunduki. Nilipomwambia kwamba ninasomea ualimu wa Kiswahili alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, utamfundisha nani lugha hiyo?"

Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kitumike kama lugha rasmi na kuelekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kati ya amri ya 1973 na uamuzi wa 2022 ni miaka 49. Katika muda huo nchi ingeweza kuwaandaa walimu wa vizazi viwili. Kwa kuwa haikufanya hivyo vya kutosha, shule nyingi zilipokea agizo kabla ya kupokea mwalimu. Darasa langu lilikuwa mojawapo ya hayo.

Kutoka Yale hadi kwenye simu

Zana ya kwanza niliyoijaribu ndiyo pia ya zamani kuliko zote nilizozikuta. Ni kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyoanzishwa 1994 na Martin Benjamin katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ikajulikana kama Mradi wa Kamusi. Wazo lake lilikuwa jipya kwa wakati huo: kamusi isiyochapwa mara moja ikafungwa, bali inayokua mtandaoni kadiri watu wa nchi mbalimbali wanavyochangia maneno. Baadaye Chuo Kikuu cha Georgia, pia cha Marekani, kiliweka mtandaoni masomo yanayoitwa Kiswahili kwa Kompyuta, yaliyoongozwa na Profesa Lioba Moshi. Mwaka 2003 ilianza Wikipedia ya Kiswahili. Mwaka 2009 Google iliingiza Kiswahili katika huduma yake ya kutafsiri, na katika kipindi hichohicho ikaendesha shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, likiwalenga wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Mwaka 2017 Duolingo ilifungua kozi ya Kiswahili kwa wanaojua Kiingereza.

Nilipoandika miaka hii kwenye daftari langu niliona jambo. Zana nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya mgeni anayetoka mbali, anayesoma kupitia Kiingereza. Nyingine, kama Wikipedia, zilimfaa mtu ambaye tayari anakijua Kiswahili. Hali hii haikuletwa na mtandao. Kitabu cha sarufi cha Edward Steere cha mwaka 1870 na kamusi ya Ludwig Krapf iliyotoka 1882 viliandikwa na wamisionari kwa ajili ya wageni wenzao. Kwa upande mwingine, Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyotoka 1981, inamwelezea Kiswahili mtu anayeweza kusoma maelezo ya Kiswahili.

Mwanafunzi wangu wa Mukono hayumo katika makundi haya mawili. Hajatoka ng'ambo, na hakuzaliwa katika Kiswahili. Yeye ni jirani. Nyumbani kwake wanasema omuntu na abantu, na ng'ambo ya mpaka wanasema mtu na watu. Sikuona chombo kilichomfikiria jirani huyo.

Mzigo wa mwanga

Jambo hili nililielewa kwa aibu kabla ya kulielewa kwa hoja. Katika wiki ya pili nilitaka kufundisha vivumishi. Nilikuwa na orodha ya maneno ya Kiingereza, na usiku ule niliyapitisha katika programu moja ya kutafsiri niliyokuwa nayo kwenye simu. Asubuhi niliandika ubaoni kwa mwandiko wangu mzuri: "Mtoto amebeba mzigo wa mwanga."

Mvulana mmoja aliyekulia Busia, mji ulio mpakani ambako Kenya na Uganda zinatazamana, aliinua mkono. "Mwalimu, samahani. Huo mzigo umebeba taa?"

Waliojua walicheka. Wasiojua walikuwa wameshanakili. Katika Kiingereza neno moja lina maana ya mwanga na pia maana ya wepesi, na mimi niliitupia mashine neno hilo bila kuipa sentensi ya kutosha. Nilifuta, nikaandika "mzigo mwepesi", nikaomba radhi. Lakini kilichonisumbua si kosa lenyewe. Mimi nilikijua Kiswahili vya kutosha kuliona kosa lile kama ningekuwa makini. Je, mwalimu wa historia au wa jiografia ambaye anaambiwa, kwa sababu walimu hawatoshi, "wewe fundisha na Kiswahili pia", angeliona? Wanafunzi 83 wangeondoka na mzigo wa mwanga katika madaftari yao, na katika darasa lisilo na vitabu daftari ndilo kitabu.

Kabla ya mtandao kuna bei

Mkuu wangu wa idara alisema mtandao upo. Alisema kweli, lakini historia ya mtandao Uganda ni historia ya kitu kilichopo kwa bei fulani na kwa siku fulani. Uganda haina bahari. Kabla ya mwaka 2009 mawasiliano yetu ya intaneti na nchi za nje yalitegemea satelaiti, ambayo ilikuwa ghali na ya polepole. Julai 2009 kebo ya SEACOM ilifika pwani ya Afrika Mashariki, na sisi wa bara tukaunganishwa kupitia Kenya. Njia ilipanuka. Kisha, Julai 2018, serikali ikaanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, WhatsApp ikiwemo. Julai 2021 tozo hiyo iliondolewa, mahali pake ikawekwa kodi ya 12% juu ya data. Na Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa takriban siku tano.

Mimi mwenyewe nilikuwa kidato cha sita shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Sisi wa madarasa ya mitihani tulirudi Oktoba, lakini kwa madarasa mengi milango haikufunguka kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. UNESCO ilihesabu wiki 83 za kufungwa kikamilifu au kwa sehemu, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Masomo yalipitishwa redioni, kwenye televisheni na katika vijitabu vilivyochapishwa. Mwalimu wetu wa Kiswahili alituma masomo kwa sauti kwenye WhatsApp. Tulikuwa tisa katika somo lile, na watatu tu ndio tuliokuwa na simu za kuyapokea. Nilikuwa nikiandika kwenye karatasi alichosema mwalimu, kisha ninampelekea kwa baiskeli rafiki yangu aliyeishi kijiji cha pili. Bila kujua, nilikuwa nimejifunza kanuni ambayo niliikumbuka miaka mitatu baadaye: zana ya mtandaoni humfikia mwanafunzi pale tu inapoweza kushuka kutoka mtandaoni.

Pale Mukono kanuni hiyo ilinisaidia. Shule, kama nyingi za sekondari Uganda, haikuruhusu wanafunzi kuwa na simu. Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine kumi na mbili, saba zikiwa zinafanya kazi siku ambazo umeme haukukatika. Kozi za simu, ambazo kila mtu hujibu maswali kwenye kioo chake, hazikuwa na nafasi hapo. Nilizitumia mimi mwenyewe usiku kuchota mazoezi. Wikipedia ya Kiswahili niliipakua kwa programu ya Kiwix, inayowezesha kuisoma bila intaneti, nikaiweka katika kompyuta zile saba. Hiyo ilifaa zaidi kuliko nilivyotarajia. Mwanafunzi aliyeweza kusoma sentensi tatu kuhusu Ziwa Viktoria alijiona amevuka mpaka.

Daraja ambalo mashine haikulijua

Tatizo kubwa lilibaki lilelile: sarufi. Katika masomo mengi ya mtandaoni niliyoyafungua, ngeli huelezwa kana kwamba ni ajabu. Mwandishi huanza kwa kumtuliza msomaji asiogope, kisha anampa jedwali. Maelezo hayo ni mazuri kwa mtu ambaye lugha yake haina kitu kama hicho. Nilipoyasoma darasani, wanafunzi wangu wa Kiganda na Kisoga waliogopa kwa sababu walikuwa wameambiwa wasiogope.

Jumatatu iliyofuata niliacha kompyuta. Nilichora mstari katikati ya ubao. Upande mmoja niliandika Kiganda: omuntu omulungi, abantu abalungi, ekitabo ekirungi, ebitabo ebirungi, omuti omulungi, emiti emirungi. Upande wa pili niliandika mtu mzuri, watu wazuri. Kitabu kizuri, vitabu vizuri. Mti mzuri, miti mizuri. Sikueleza chochote. Kimya kilipita, kisha msichana wa dawati la mbele akasema, "Mwalimu, kumbe tunajua tayari!"

Kipindi kile kilikwenda mbio. Daraja hilo lina mashimo yake, na ni lazima mwalimu ayaonyeshe mapema. Okutunda kwa Kiganda ni kuuza, na siku iliyofuata nilisahihisha daftari lililosema "Mama anatunda ndizi sokoni". Lakini kosa hilo lilinifurahisha, kwa sababu aliyelifanya alikuwa akifikiri, hakuwa akinakili.

Hata hivyo, furaha yangu ilikuwa na upofu. Wanafunzi wanane walitoka kaskazini mwa nchi. Lugha zao za nyumbani zilikuwa Kiacholi na Kilugbara, ambazo si za Kibantu na hazina ngeli za aina hii. Mmoja wao, msichana kutoka Gulu, alinifuata nje baada ya kipindi. Alisema kwa upole, "Mwalimu, leo umefundisha Waganda."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimezilaumu zana za mtandaoni kwa kumsahau jirani, kisha nami nikamsahau jirani aliyeketi safu ya nne. Kwake yeye, lile jedwali lililoandikwa kwa ajili ya wageni lilikuwa na haki zaidi kuliko ubao wangu, kwani lilianza na mtu asiyejua ngeli. Kuanzia siku hiyo niliendesha njia zote mbili: ubao wenye lugha mbili kwa waliokuwa na daraja, na jedwali pamoja na mazoezi ya kompyuta kwa wanaoanza mbali zaidi. Hapo ndipo nilipoona kwamba swali la "chombo hiki ni cha nani" haliishi kwa mtengenezaji. Linaingia hadi ndani ya darasa, na mwalimu hulijibu kila siku kwa kila dawati.

Hadithi moja, lugha nyingi

Zana iliyotufaa kuliko zote niliipata kwa kuchelewa, zikiwa zimebaki wiki tatu. Inaitwa African Storybook. Ilianzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, tovuti yake ikafunguliwa 2014, na Uganda ilikuwa mojawapo ya nchi za majaribio. Ni mkusanyiko wa hadithi fupi zenye picha, katika lugha nyingi za Afrika, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuzisoma, kuzichapa, kuzitafsiri na kuzirekebisha bila malipo. Hadithi ileile unaweza kuikuta kwa Kiswahili, kwa Kiganda na kwa Kiacholi.

Ilikuwa na kasoro kwetu: hadithi nyingi ni za watoto wanaoanza kusoma, na wanafunzi wangu walikuwa na miaka kumi na tatu na kumi na nne. Lakini tofauti na zana nyingine, ilitarajia kwamba mwanafunzi ana lugha ya nyumbani, na kwamba lugha hiyo ni mali, si kikwazo. Nilichapa hadithi tano katika duka la fotokopi mjini Mukono, kwa shilingi 200 kila ukurasa. Niligawa makundi ya watu wanane. Kila kundi lilipata hadithi katika lugha ya nyumbani, likatakiwa kuiandika upya kwa Kiswahili, likiiongezea mwisho wa kikubwa. Baadaye tulilinganisha na Kiswahili kilichochapwa.

Kundi la kaskazini lilisoma hadithi yake kwa Kiacholi mbele ya darasa. Kwa mara ya kwanza wengine 75 walikuwa wageni, na wale wanane walikuwa wenyeji. Yule msichana wa Gulu alisimama akawaeleza kwa Kiswahili, polepole, kwa makosa machache, nini kilikuwa kimetokea katika hadithi. Alipokosa neno hakugeukia Kiingereza. Alimwuliza mvulana wa Busia, naye akampa.

Hitimisho

Historia niliyoipitia ni fupi, kama miaka thelathini tu tangu kamusi ya Yale. Inaonyesha maendeleo ya kweli: mwaka 1994 mwanafunzi wa Uganda hakuwa na njia ya kuifikia kamusi ile, na leo mwalimu wa Mukono anaweza kubeba ensaiklopidia nzima ya Kiswahili katika flashi. Tangu 2022 hata Kiganda kimo katika huduma ya kutafsiri ya Google, na mradi wa Common Voice wa Mozilla unakusanya sauti za watu wanaojitolea, Kiswahili na Kiganda vikiwemo. Milango inafunguliwa kwa jirani, ingawa polepole.

Lakini historia hiyohiyo inatuonya. Mwaka 1973 amri ilifika bila vitabu. Tukisema leo kwamba mtandao utatosha badala ya walimu na vitabu, tutakuwa tumerudia kosa lile kwa njia ya kisasa. Zana nilizozitumia zilifaa pale tu ambapo kulikuwa na mtu wa kuliona kosa, wa kuzishusha kwenye karatasi, na wa kusikia aliyeachwa nyuma. Kwa wenzangu mtakaokwenda mazoezi mwaka ujao, nawashauri hivi: jaribuni kila zana wenyewe usiku kabla ya kuiingiza darasani, pakueni kila mnachoweza, na mjue lugha za nyumbani za wanafunzi wote kabla ya kuchagua chochote.

Siku ya mwisho nilimwachia mwalimu mwenyeji flashi yenye Wikipedia na hadithi zile, pamoja na bahasha ya karatasi zilizochapwa. Alishukuru kwa vyote. Flashi aliitia mfukoni. Bahasha aliifungua palepale, akahesabu nakala, kisha akaniuliza kama duka lile la fotokopi hufunguliwa Jumamosi.